Somo Letu: Gari Kuukuu Lisilo na Karatasi



Somo la leo linahusu gari. Huenda baadhi yenu mtauliza chama cha wafanyakazi kina shughuli gani na magari makuukuu. Jibu ni kwamba fedha inayonunua magari hayo ni jasho lenu, na jasho la mfanyakazi ni shughuli yetu, likiwa bado mikononi mwa mwajiri au likiwa limekwisha ingia mfukoni.

Mnajua kwamba sheria ya NSSF ilirekebishwa Januari 2022. Tangu hapo mwanachama aliyefikisha umri wa miaka 45, na ambaye amechangia kwa miaka 10 au zaidi, anaweza kuchukua sehemu ya akiba yake isiyozidi asilimia 20 bila kungoja kustaafu. Wenzetu wengi wa mashamba ya miwa na chai, na wa viwandani, wameichukua fedha hiyo. Wengine wamejenga, wengine wamelipa karo. Na wengine wamenunua chombo cha biashara: pikapu ya kubeba mazao, lori dogo, au pikipiki ya boda boda.

Gari zuri ni ghali. Kwa hiyo mfanyakazi hutafuta kuukuu, na katika makuukuu hukutana na lile linalouzwa kwa nusu ya bei. Akiuliza sababu huambiwa, "Gari ni zima kabisa, ila halina karatasi." Maneno hayo, "halina karatasi", ndiyo somo letu.

Yaliyowapata wenzetu sita

Wenzetu sita wa shamba moja la miwa walichanga shilingi 1,500,000 kila mmoja. Jumla ilikuwa 9,000,000. Wakanunua pikapu ya dizeli ya kupeleka matoke na mboga sokoni siku za mwisho wa juma. Muuzaji aliwaambia kwamba logibuku ilipotea alipohama nyumba, na kwamba nyingine ingepatikana kwa wiki moja tu. Mapatano yakaandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule. Mashahidi wakatia sahihi, mwenyekiti wa LC akapiga muhuri wake, soda zikanywewa.

Pikapu ilifanya kazi wiki saba. Wiki ya nane ikasimamishwa barabarani. Askari alipoiangalia namba, akakuta imeandikwa kwa jina la kampuni, na rangi yake ni nyeupe. Pikapu iliyosimama mbele yake ilikuwa ya buluu, na dereva hakuwa na karatasi yoyote ya kampuni hiyo. Pikapu ikapelekwa kituoni mpaka mwenyewe ajulikane. Wenzetu wakaja ofisini kwetu wakiwa na ile karatasi moja yenye muhuri wa LC.

Tutarudi kwao mwishoni. Kwanza tujifunze kile ambacho wao, na sisi pia, tulijifunza baada ya kuchelewa.

Logibuku na daftari

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa gari, maneno hayo ni ya kweli kabisa, maana serikali ina daftari la magari yote yaliyoandikishwa. Katika daftari hilo kila gari lina namba yake ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini, aina yake, rangi yake, mwaka wake na jina la mwenyewe. Kwa miaka mingi kazi ya daftari hilo ilikuwa ya Mamlaka ya Mapato, yaani URA. Sasa iko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Ushuru wa forodha bado ni kazi ya URA.

Logibuku ni cheti kinachoonyesha yaliyomo katika daftari hilo. Cheti kikiungua moto au kikiliwa na mchwa, yaliyoandikwa daftarini hayaungui pamoja nacho. Kwa hiyo, mtu akikuambia gari halina karatasi, usiishie kuuliza, "Imepotea wapi?" Uliza, "Daftari linasema nini juu ya gari hili?"

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1998 inakataza gari kutumika barabarani kama halikuandikishwa. Tena, yule ambaye jina lake limo daftarini ndiye anayetazamwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Muhuri wa LC una faida yake: unaonyesha kwamba watu fulani walikutana siku fulani, wakapatana bei, fedha ikapita. Lakini muhuri huo haubadilishi jina daftarini, wala haumfanyi mtu asiye na mali kuwa na mali. Hata sheria ya mwaka 2017 juu ya uuzaji wa bidhaa inamtaka muuzaji awe na haki ya kuuza kile anachouza. Asiye na haki hawezi kukupa haki ambayo yeye mwenyewe hana.

Shika jambo moja ambalo tumeliona mara nyingi katika kazi yetu. Gari linaloitwa "lisilo na karatasi" kwa kawaida karatasi linazo. Ziko katika kabati la mtu mwingine. Kazi yote ni kulijua kabati hilo ni la nani, na kulijua kabla fedha haijatoka mkononi.

Anza na namba ya chesisi

Namba iliyo kwenye bampa hufungwa kwa skurubu mbili, na mtoto anaweza kuibadilisha. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma chenyewe. Hiyo ndiyo alama ya kuzaliwa ya gari.

Katika pikapu nyingi, namba hiyo imegongwa kwenye mhimili mrefu wa chini, upande wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Katika magari madogo huwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, au chini ya kiti cha mbele. Katika pikipiki iko shingoni, pale usukani unapoingia kwenye fremu. Mara nyingi kuna pia kibati kidogo chenye namba hiyo hiyo ndani ya boneti, lakini kibati kinaweza kung'olewa na kupachikwa kwenye gari jingine. Amini zaidi iliyogongwa kwenye chuma.

Chukua brashi na mafuta ya taa, safisha uchafu mpaka chuma kionekane. Weka karatasi nyembamba juu yake, sugua kwa penseli. Namba itatokea kwenye karatasi kama ilivyo. Usinakili kwa macho tu, maana 8 hufanana na 3, na 5 hufanana na S.

Magari mengi yetu yametoka Japani. Yale yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yenyewe huwa na namba fupi: herufi na tarakimu za aina ya gari, kisha kistari, kisha tarakimu nyingine. Yaliyotengenezwa kwa masoko mengine, hasa ya miaka ya karibuni, huwa na namba ya herufi na tarakimu 17. Namba hiyo ya 17 haitumii kamwe herufi I, wala O, wala Q. Ukiziona humo, ama umesoma vibaya ama kuna mkono wa mtu.

Angalia pia kama chuma kimepigwa tupa, kimechomelewa, au tarakimu hazikai sawasawa. Ukiona hivyo, rudi nyumbani na fedha yako. Usiulize bei tena.

Magonjwa manne

Kama mganga asivyotoa dawa kabla ya kujua ugonjwa, nasi tusikimbilie fomu kabla ya kujua gari linaumwa nini. Peleka namba ya usajili na namba ya chesisi kwenye ofisi ya usajili wa magari, uombe daftari litazamwe. Jibu litakuonyesha ugonjwa mmoja kati ya hii minne.

*Ugonjwa wa kwanza: logibuku imepotea, lakini mwenyewe yupo.* Huu ndio mwepesi. Mwenye jina daftarini anakwenda polisi mwenyewe kuandikisha kwamba amepotelewa. Anakula kiapo kwa maandishi mbele ya Kamishna wa Viapo, kisha anaomba logibuku mpya. Ikitoka, ndipo gari linahamishwa kwa jina la mnunuzi. Angalia sana hapa: anayeapa ni yule aliyepotelewa. Kuna wauzaji na madalali wanaomwambia mnunuzi, "Nenda wewe ukaape kwamba imekupotea." Huo ni uongo chini ya kiapo, na ni kosa la jinai. Muuzaji amekwisha kula fedha yako, sasa anataka ule na kesi yake.

*Ugonjwa wa pili: gari limeandikishwa, lakini mwenyewe haonekani.* Gari limepita mikono mitatu au minne, kila mmoja ameliuza bila kubadilisha jina. Hapa inabidi kurudi nyuma hatua kwa hatua: aliyekuuzia alinunua kwa nani, na huyo alinunua kwa nani, mpaka mfike kwa mwenye jina daftarini. Kila hatua itafutiwe karatasi yake: mapatano, stakabadhi, au kiapo cha mtu aliyeuza.

Mwenyewe akiwa amekufa, mjane wala mtoto hawezi kulihamisha gari kwa kusema tu kwamba ni la baba. Lazima kwanza zipatikane barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na safari hiyo huanzia ofisi ya serikali inayoangalia mali za marehemu, yaani ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu. Msaidieni mjane apate barua hizo. Itakuwa faida kwake pia, kwa kiwanja na kwa akiba ya marehemu.

Mwenyewe akiwa ni kampuni iliyofungwa, usikate tamaa. Kampuni ikifilisika huwekwa mfilisi wa kukusanya mali yake na kuigawa kwa wanaoidai, na makabrasha ya kampuni huenda kwake. Ofisi ya usajili wa makampuni, URSB, inaweza kukuonyesha kama kampuni bado ipo, wakurugenzi wake ni nani, na kama mfilisi amewekwa. Hapo hapo URSB pana ofisi ya Mpokezi Rasmi inayoshughulika na mambo ya ufilisi.

*Ugonjwa wa tatu: gari halimo daftarini kabisa.* Huu una sura mbili, na sura hizo hazifanani.

Sura ya kwanza ni trekta au lori ambalo mwajiri alilileta kwa kazi ya ndani ya shamba tu, likazeeka humo bila kukanyaga barabara kuu. Karatasi zake zipo: ankara ya kununulia na hati za forodha, katika kabati la ofisi ya kampuni. Bila hati hizo huwezi kuliandikisha. Ukizipata, peleka URA wathibitishe kwamba ushuru ulilipwa au wakueleze kinachodaiwa. Kisha gari likaguliwe, ndipo liombewe namba.

Sura ya pili ni gari lililovushwa mpaka. Wenzetu wa Busia na Malaba mnalifahamu hili vizuri. Gari lina namba za nchi jirani, au halina namba kabisa, na bei yake inachekesha. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, mali iliyoingizwa bila kulipiwa ushuru inaweza kukamatwa hata ikiwa mikononi mwa mnunuzi. Tena, tangu mwaka 2018 sheria yetu inakataza kuingiza nchini gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Kwa hiyo gari kuukuu la namna hiyo huenda lisiandikishwe hata ukiwa tayari kulipa kila shilingi ya ushuru. Usinunue ukitumaini kwamba mambo yatanyooka mbele ya safari.

*Ugonjwa wa nne: gari la wizi, au namba zake zimechezewa.* Huu hauna dawa. Polisi wanaweza kutazama kama gari limeripotiwa kuibiwa, na kwa magari yaliyoibwa nje ya nchi wapo wenzao wa Interpol. Ikionekana ni la wizi litarudi kwa mwenyewe, na wewe utabaki kumdai aliyekuuzia. Anayelipokea huku akijua ni la wizi ana kosa la jinai. Na fundi atakayekuambia kwamba anaweza kugonga namba nyingine, mkimbie. Atakugeuza kutoka mtu aliyeibiwa kuwa mtu aliyeiba.

Magari ya kampuni tunamofanya kazi

Sehemu hii inatuhusu sisi zaidi kuliko watu wengine. Kila baada ya miaka kadhaa kampuni huuza magari yake makuukuu, na mara nyingi wanaonunua ni wafanyakazi wake. Mfanyakazi hufurahi: anamjua dereva aliyelitunza, anajua siku injini ilipofunguliwa. Anakatwa mshahara miezi kadhaa, anapewa stakabadhi, anaondoka na gari. Logibuku inabaki ofisini "mpaka mhasibu arudi". Mhasibu harudi. Miaka mitano baadaye kampuni imeuzwa au imefungwa, na gari bado ni la kampuni katika daftari la serikali.

Wajumbe wa matawi, lisimamieni jambo hili. Kampuni ikitangaza kuuza magari kwa wafanyakazi, ombeni mkutano na uongozi kabla ya siku ya kuuza, na mtake mambo matatu yaandikwe. La kwanza, kila gari litajwe kwa namba ya chesisi na ielezwe kama logibuku ipo. La pili, siku mfanyakazi anapomaliza kulipa, kampuni itie sahihi uhamisho na kukabidhi logibuku. La tatu, kama gari halina logibuku, kampuni yenyewe ndiyo iitafute, kwa gharama yake, kabla ya kupokea fedha. Kudai hayo kabla ya kuuza hakuna gharama. Kuyadai baada ya kuuza kunaweza kula miaka.

Nanyi mnaouza magari yenu, msiseme hili haliwahusu. Jina lako likibaki daftarini, gari likigonga mtu na kutoroka, atakayetafutwa kwanza ni wewe. Muuzaji naye ana haja ya uhamisho kufanyika.

Kabla ya kutoa fedha

Haya yafanywe kwa mpango, wala msiruke hata moja.

1. Nakili namba ya chesisi, ya injini na ya usajili, kwa njia ya penseli tuliyoieleza.

2. Omba daftari la magari litazamwe. Linganisha namba, rangi, aina na jina la mwenyewe. Injini ikiwa imebadilishwa, muuzaji aonyeshe stakabadhi ya injini hiyo. Mabadiliko ya injini na ya rangi hutakiwa kuarifiwa ofisi ya usajili.

3. Uliza polisi kama gari halitafutwi.

4. Uliza URSB kama gari halikuwekwa rehani. Tangu sheria ya 2019 kuna daftari la dhamana za mali inayohamishika. Gari linaweza kuwa na logibuku safi na bado likawa linadaiwa na benki au SACCO.

5. Kutana na mwenye jina daftarini, uso kwa uso, na kitambulisho chake cha taifa. Dalali anaweza kuwakutanisha, lakini asiwe yeye wa kupokea fedha. Fomu ya uhamisho iliyotiwa sahihi na mtu usiyemwona wala kumjua si ulinzi. Atahitajika mwenyewe, na nyote wawili mtahitaji namba ya mlipa kodi, yaani TIN.

6. Andikeni mapatano yenye majina kamili, namba za vitambulisho, namba ya chesisi, bei, na ahadi kwamba muuzaji atarudisha fedha yote ikionekana hakuwa na haki ya kuuza. Yasomwe kwa sauti, kwa lugha ambayo kila mmoja anaielewa. Muhuri wa LC upigwe, lakini ujue mpaka wa kazi yake.

7. Gawa malipo. Sehemu ndogo itolewe siku ya mapatano, na sehemu kubwa siku uhamisho unapokubaliwa. Muuzaji mwaminifu mwenye haraka ya fedha ataharakisha karatasi. Asiye mwaminifu atakasirika na kuondoka, na hasira yake itakuwa imekuokoa.

8. Ada za serikali zilipwe benki au kwa simu kwa namba ya malipo iliyotolewa na ofisi, wala si mkononi mwa mtu anayesimama nje ya lango. Ada hubadilika, hasa mwaka mpya wa fedha unapoanza tarehe 1 Julai. Uliza kwanza, uweke fedha hiyo pembeni na uihesabu kuwa sehemu ya bei ya gari.

9. Gari likiisha kuwa kwa jina lenu, katieni bima ya mtu wa tatu kabla halijakanyaga barabara. Bima hiyo ni ya lazima tangu sheria ya 1989. Mkiwa kikundi, andikeni pia kati yenu nani ana hisa ngapi, maana jina la mmoja daftarini linaweza kumtia tamaa.

Kama fedha imekwisha kutoka

Mwenye gari la namna hii tayari asione haya kuja ofisini kwetu. Aibu imewapoteza watu zaidi kuliko sheria. Kwanza, liegeshe. Kila safari barabarani bila karatasi wala bima inaongeza hatari, na ukigonga mtu hasara haitaishia kwenye gari. Pili, kusanya kila kipande ulicho nacho: mapatano, ujumbe wa simu, alama za malipo, majina ya mashahidi. Tatu, litazamwe daftari ujue ugonjwa ni upi. Nne, mwandikie muuzaji barua ya madai, ueleze unachotaka: alete karatasi au arudishe fedha. Weka nakala.

Akikataa, kuna mahakama. Watu wengi huogopa gharama za wakili. Lakini chini ya kanuni za 2011 kuna utaratibu wa madai madogo katika mahakama za mahakimu, kwa madai yasiyozidi shilingi 10,000,000. Katika utaratibu huo mawakili hawasimami. Unaeleza mwenyewe, na mwenzako anaeleza mwenyewe. Kwa pikipiki, na kwa pikapu kuukuu nyingi, kiasi hicho kinatosha.

Mwisho wa safari ya wale sita

Tulikwenda nao URSB. Tukakuta kampuni iliyokuwa daftarini ilikuwa imefilisika. Pikapu ilikuwa imeuzwa halali kwa fundi mmoja, naye akaipaka rangi ya buluu, akamuuzia mtu wa pili, ambaye ndiye aliyewauzia wenzetu. Huyo wa mwisho hakuwahi kuiona logibuku maishani mwake. Ile hadithi ya kuhama nyumba aliitunga.

Logibuku ilikuwa katika kabati la mfilisi, ndani ya jalada, pamoja na nyingine nyingi ambazo hakuna aliyekwenda kuzichukua. Haikuwahi kupotea hata siku moja. Fundi alikuwa na stakabadhi yake. Mfilisi akaandika barua, fundi na yule muuzaji wakaapa juu ya mauzo yao, mabadiliko ya rangi yakaandikishwa, na pikapu ikahamishwa. Muuzaji alikubali kuja baada ya kuelezwa kwamba hatua inayofuata ni mahakama ya madai madogo.

Yote hayo yalichukua miezi kumi na mmoja. Pikapu ilipotoka kituoni haikuwa na betri, na magurudumu mawili yalikuwa yamebadilishwa kwa mabovu. Mmoja wa wale sita alikuwa amekwisha jitoa; alihitaji fedha ya karo, akawauzia wenzake hisa yake kwa hasara. Pikapu inafanya kazi leo, kwa watu watano.

Kama wangekwenda URSB na ofisi ya usajili kabla ya kulipa, wangeijua njia hiyo yote kwa siku chache, na muuzaji ndiye angeitembea.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika kambi yenu kuna magari au pikipiki ngapi zinazotumiwa na watu ambao majina yao hayamo daftarini? Kila moja ina ugonjwa upi kati ya ile minne?

2. Kwa nini muhuri wa LC hautoshi? Mweleze mwenzako kwa maneno yako mwenyewe.

3. Kampuni yenu iliuza magari mara ya mwisho lini, na walionunua walipewa logibuku? Mjumbe wa tawi aandike majina yao, ayalete katika mkutano ujao.

4. Nani katika kikundi chenu anaweza kufuatana na mwenzake mpaka ofisi ya usajili, asiende peke yake?

Somo hili lisomwe kwa sauti kwa wasiojua kusoma, na lihifadhiwe ofisini mwa tawi. Siku mtu atakapokuja na habari ya gari zuri la nusu bei, lisomwe tena kabla mfuko haujafunguliwa.